Slaidi ya Tatu

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, projekta ya ukumbi mdogo wa kiwanda ilikuwa imewaka, na ukutani palikuwa na mstatili wa buluu usio na neno hata moja. Erica alichomeka waya kwenye kompyuta yake akasubiri. Alikuwa afisa ubora wa kiwanda hicho cha karanga za kusaga, nje kidogo ya Dodoma, na asubuhi hiyo alikuwa na jambo moja tu la kuwaambia wakubwa: fungu la saba lisisagwe.

Karanga za msimu zilikuwa zimepangwa ghalani katika mafungu kumi na mawili. Erica alichukua sampuli kutoka kila fungu akapima sumukuvu, sumu ya ukungu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa. Kiwango kinachoruhusiwa ni mikrogramu kumi kwa kilo. Mafungu kumi na moja yalisoma kati ya mbili na nne. Fungu la saba, lililokaa pembeni, chini ya bati lililotoboka, lilisoma themanini na moja.

Aliyemwelekeza huko alikuwa mtunza ghala, mzee Methusela.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Anza na lile la pembeni. Linanuka kama nguo zilizoanuliwa mbichi."

Kupima hakukumpa shida. Kilichomsumbua ni slaidi. Mwezi uliotangulia alikuwa ameonyesha jedwali lenye mistari arobaini, na mkurugenzi, mama Paskazia, akavua miwani. "Erica, hili ni gazeti. Aliyekaa nyuma atalisoma vipi?" Ukumbi ulicheka, hoja ikaahirishwa. Safari hii alimwomba msaada Respicius wa masoko, ambaye slaidi zake zilisifiwa hata na wateja.

Respicius aliitazama grafu ya Erica ya nguzo kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa fupi, zimelala chini. Moja ilikuwa nyekundu, ndefu kama mnara wa simu.

"Dada, slaidi si gunia, kwamba uijaze mpaka ishonwe mdomo. Na nyekundu haimo kwenye rangi zetu. Wastani ni ngapi?"

"Tisa nukta tano. Lakini hapa wastani hauna maana."

"Hilo utalisema kwa mdomo. Slaidi ishike macho, wewe ushike masikio."

Akaifuta grafu. Mahali pake akaweka 9.5, kubwa, ya kijani, na chini yake mstari mmoja: Kiwango kinachoruhusiwa: 10. Themanini na moja aliihamishia kwenye maelezo ya pembeni, ambayo huonekana kwenye kompyuta ya msemaji peke yake. Erica aliitazama slaidi hiyo kwa muda. Ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kuonyesha. Akasema sawa. Hakuna aliyemlazimisha.

Mama Paskazia alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mkurugenzi, na alikuja kiwandani na desturi ya darasani: aliyewasilisha vizuri hupigiwa makofi matatu ya pamoja, anakaa, na hoja imefungwa. Kwa sababu hiyo vikao vyake havikuchelewa.

Saa tatu kasoro dakika tano Erica alifika slaidi ya tatu.

"Kwa hiyo tuko chini ya kumi?" aliuliza mama Paskazia.

"Ndiyo, mama, ila—"

"Hii sasa ndiyo slaidi! Leo hata Fredy wa uhasibu kaelewa."

"Mama, mimi nimeelewa kabla yako," Fredy alijibu, na watu wakacheka.

"Haya, mpigieni makofi matatu."

Yakapigwa matatu, kwa pamoja. Erica alikuwa bado amesimama, mdomo wazi. Kwenye kompyuta yake, sentimita chache kutoka kidoleni, iliandikwa: Fungu la saba ni 81, litengwe. Alikumbuka gazeti. Akakaa.

Saa tano na robo aliwatumia wote faili la slaidi kwa barua pepe. Maelezo ya pembeni yalikuwa humo, kwa atakayeyafungua. Aliona kwamba kwa kufanya hivyo ameshasema.

Mchana Methusela alimkuta getini. "Wameamuaje?"

"Wamepitisha."

"Na la pembeni?"

"Nimewaandikia, mzee."

"Basi wameona," alisema Methusela, akarudi ghalani.

Fungu la saba lilisagwa Alhamisi. Mwisho wa mwezi kila mfanyakazi alipewa pakiti tano za karanga za kusaga, kama kawaida. Za Erica zilibaki kwenye kabati la ofisi. Hakumweleza mtu sababu. Methusela alizipeleka zake Hombolo kwa binti yake, Loisi, aliyemtilia mwanawe karanga kwenye uji asubuhi na kwenye mlenda jioni. Mtoto huyo, Angelina, alikuwa na miaka mitatu.

Siku ya kumi na tisa tangu aanze kuzila, Angelina alianza kutapika. Siku ya ishirini na moja macho yake yalikuwa ya manjano na tumbo limejaa. Alifia hospitali siku ya ishirini na nne, kabla ya adhuhuri. Pakiti iliyobaki nyumbani kwa Loisi ilipimwa: mikrogramu mia sita na arobaini. Ukungu haukai sawasawa ndani ya fungu. Erica alilijua hilo tangu chuoni.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika katika ukumbi uleule. Mkaguzi, bwana Mbwana, aliomba slaidi ya tatu ionyeshwe kama ilivyoonyeshwa siku ile. 9.5 ikatokea ukutani. Methusela, aliyeitwa kama shahidi, alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, na aliweza kuisoma kutoka alipokaa.

"Namba hii imetoka wapi?" aliuliza mkaguzi.

"Ni wastani wa sampuli kumi na mbili."

"Zisome. Moja moja."

Erica alisimama akasoma. "Tatu. Mbili. Nne. Tatu. Tatu. Mbili." "Themanini na moja." Akaendelea mpaka ya kumi na mbili.

"Ya saba uliijua siku ya kikao?"

"Niliijua."

"Uliitamka?"

"Hapana."

Respicius alikuwa akitazama meza. Mama Paskazia alivua miwani, akaivaa tena.

Mkaguzi aliandika. Methusela aliinuka kwenye kiti chake, akapita katikati ya ukumbi mpaka mezani kwa Erica. Alitoa funguo za ghala mfukoni, akaziweka kando ya kompyuta. Saa tano na dakika arobaini alitoka nje.