Sekunde Kumi na Moja za Mwalimu Anifa

Watoto arobaini na sita walisimama kwa mpigo mmoja wakauamkia ukuta.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Hamjambo?" ukuta ukaitikia.

"Hatujambo!"

"Ketini."

Wakaketi. Madawati yakalia, kisha kimya. Kwenye shuka jeupe lililopigiliwa misumari juu ya ubao, mwanamke mwenye mtandio wa kijani alikuwa akitutazama, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma. Mashavu yalikuwa yamebonyea, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilisimama nyuma ya darasa na kamera yangu. Kabla hatujaingia, Mwalimu Hussen, mkuu wa shule, alikuwa ameniambia kwamba Mwalimu Anifa alizikwa mwezi wa nane mwaka uliotangulia.

Imepita miaka mitatu. Wakati ule nilikuwa nikiishi Visiga na kufanya kazi katika shirika dogo lenye ofisi ghorofani, karibu na stendi ya Kwa Mathias. Nilikuwa natengeneza hadithi za picha, video na sauti za kuonyesha jinsi teknolojia inavyobadilisha ujifunzaji darasani. Nilikuwa nimechoshwa na picha za watoto wanaocheka mbele ya kompyuta ambazo hazijawahi kuona umeme. Niliposikia kuna shule Kisarawe, mbele ya Mzenga, ambako darasa la tano linafundishwa sayansi kwa projekta ya sola, sikungoja gari la ofisi. Niliteremka Mlandizi nikachukua bodaboda.

"Alijua figo hazitamfikisha Januari," Mwalimu Hussen alinieleza. "Akajirekodi kwa simu nyumbani kwa mama yake, kipindi kimoja kimoja, mpaka vikafika thelathini na viwili. Majina ya watoto wote anayo kichwani, na nani anakaa wapi. Mwalimu mwingine hatujapewa. Mimi nawasha tu, yeye anafundisha."

Hakusema *alifundisha*. Niliandika sentensi ile kwenye daftari langu, nikaipigia mstari, maana ilikuwa nzuri.

Somo lilikuwa la kuota kwa mbegu. Katikati Mwalimu Anifa alinyamaza, akageuza uso kidogo kuelekea dirishani kwetu. "Jabiri, angalia mbele." Nikamtazama Jabiri. Kweli alikuwa akichungulia nje. Hakuna aliyecheka. Alijirudi haraka akafunga mikono juu ya dawati, na mwenzake akanong'ona, "Si nilikwambia anaona?"

Kisha likaja lile nililolifuata bila kujua.

"Zuleha. Mbegu inahitaji nini ili iote?"

Msichana mmoja wa safu ya tatu alisimama. Ukutani, mama yule alinyamaza akasubiri. Darasa zima likasubiri naye. Midomo ya Zuleha ilikuwa ikicheza, lakini sauti sikuisikia. Kinasa sauti changu kidogo kilikuwa juu ya dawati la mbele yake, nikaomba Mungu kiwe kinashika. Kimya kilirefuka mpaka nikajisikia niko mahali ambapo sikualikwa.

"Vizuri," Mwalimu Anifa akasema. "Keti."

Zuleha akaketi.

"Ni mwanawe," Mwalimu Hussen alininong'oneza. "Tangu msiba haongei. Nyumbani kwa bibi yake, neno moja moja. Hapa shuleni, hapo tu ulipomwona."

Wakati wa kuondoka, mwalimu mkuu alinikabidhi kadi ya kumbukumbu ili nichukue vipande vya kutumia. Akaomba kitu kimoja. "Ukiweza, tusafishie sauti. Upepo mwingi, kuku, treni ya TAZARA. Watoto wa nyuma hawasikii."

Nilijiona mwema. Usiku na mchana wa siku mbili nilikaa kwenye kompyuta nikivisafisha vipindi vyote thelathini na viwili. Programu ile iliondoa upepo, ikaondoa kuku, ikaondoa treni. Kisha ikaniuliza kama nataka kufupisha sehemu zote zilizo kimya. Nikabonyeza ndiyo. Kipindi cha dakika arobaini kikashuka hadi thelathini na moja. Nikavihifadhi kwenye kadi badala ya vile vya awali, nikairudisha shuleni kwa mkono wa dereva wa bodaboda yuleyule, nami nikaanza kupanga hadithi yangu. Picha ya Zuleha amesimama mbele ya mama yake ndiyo niliyoiweka ya kwanza. Evance, bosi wangu, aliitazama akasema, "Stellamaris, hii itafika mbali."

Wiki iliyofuata Mwalimu Hussen alinipigia.

"Mwalimu wetu amekuwa na haraka," alisema.

Nikadhani anatania.

"Watoto wanasema ameudhika. Anauliza, na kabla hujafumbua mdomo anaendelea. Wengine wanakataa kumwamkia. Na Zuleha alisimama, hata hajavuta pumzi, akaambiwa vizuri, keti. Hakuketi. Alibaki amesimama mpaka kipindi kikaisha, akachukua begi akaenda kwao. Leo siku ya nne haji. Bibi yake anasema hata chakula hali."

Nilikata simu. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, makonda wakiita abiria wa Mbezi chini ya dirisha letu. Nikavaa spika za masikioni nikafungua rekodi ya awali, ile isiyosafishwa, ambayo kwa bahati nilikuwa bado nayo.

*Zuleha. Mbegu inahitaji nini ili iote?*

Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Upepo. Kuku. Treni ikipita mbali. Na chini ya treni, sauti ya mtoto aliyekaa nyuma ya simu, mwanafunzi pekee wa darasa lile la uani: "Maji. Hewa. Joto." Halafu, polepole zaidi: "Mama, pumzika."

*Vizuri. Keti.*

Sekunde kumi na moja. Nilichokifuta kama kelele kilikuwa yeye.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini nilikumbuka kinasa sauti changu. Nikaifungua rekodi ya darasani ya asubuhi ile, nikatafuta pahali palepale. Mnong'ono wa Zuleha ulikuwemo, maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule: maji, hewa, joto, mama pumzika. Baada yake, kabla ya "vizuri", kulikuwa na neno moja la mtu mzima, karibu sana na kinasa, la mtu aliyechoka.

"Bado."

Nilirudi kwenye rekodi ya awali. Halikuwemo. Nikarudi kwenye ya darasani. Lilikuwemo. Nilimwita Evance nikamvika spika masikioni. Alisikiliza, akaufinya uso. "Dawati limelia," akasema, kisha akazivua haraka kuliko ilivyohitajika, akaenda kusimama dirishani. Hatukulizungumza tena.

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani kwa Bi Mwanamvua, mama yake Anifa. Nilikitambua kigoda. Niliutambua na ukuta wa matofali ya kuchoma. Bibi alikuwa akimenya mihogo, na Zuleha amekaa kizingitini, magoti kidevuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Ndiye wewe uliyemfunga mdomo mjukuu wangu?"

"Ndiye mimi, bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi naiweza kutoa mie. Yeye je?"

Nilifungua begi nikatoa kompyuta na spika ndogo, nikaviweka juu ya mkeka. Nilimwambia Zuleha kwamba sikujua, kwamba nilidhani pale hapakuwa na mtu, na kwamba nimeirudisha sauti kama ilivyokuwa. Nikamuuliza kama anataka kusikia. Akaitikia kwa kichwa.

Sauti ya Anifa ikaujaza ua wa ile nyumba aliyofia. Bi Mwanamvua aliweka kisu chini. Somo likaenda, mbegu zikaingia kwenye kikopo, kuku wa kwenye rekodi wakalia na kuku wa pale uani wakawajibu. Nilitamani kuzima. Sikuthubutu.

"Zuleha. Mbegu inahitaji nini ili iote?"

Alisimama. Safari hii hakunong'ona.

"Maji, hewa na joto," alisema, sauti imekwaruza kama bawaba isiyofunguliwa siku nyingi. Akameza mate. "Mama, pumzika. Mimi nitakuja shule."

Treni ikapita ndani ya spika. Nikayakaza macho kwenye skrini, masikio yangu yakingoja neno lile jingine. Halikuja.

"Vizuri," Mwalimu Anifa akasema. "Keti."

Zuleha hakuketi. Alikuja mpaka kwenye mkeka, akainama, akaifunga kompyuta kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa aliyelala. Halafu akamwambia bibi yake ana njaa.

Ile picha ya kwanza niliitoa kwenye hadithi yangu. Evance hakuuliza, na wafadhili waliletewa picha za projekta, sola na watoto wakichekecha udongo. Rekodi ya darasani niliifuta mwenyewe. Zipo siku najuta, kwa sababu sina tena cha kumwonyesha mtu, na mtu akikosa cha kuonyesha huanza kujishuku. Kadi yenye vipindi halisi, pamoja na upepo na kuku wake, niliipeleka shuleni siku ileile nilipotoka kwa Bi Mwanamvua, na darasa likasoma nayo mpaka mwisho wa mwaka.

Mwezi wa kumi na moja Mwalimu Hussen alinitumia picha kwa simu bila maneno yoyote. Ulikuwa ubao wa darasa la tano, shuka limekunjwa pembeni. Kiranja alikuwa ameandika kwa chaki orodha ya wapiga kelele, watoto saba.

Jina la kwanza lilikuwa la Zuleha, na mbele yake kiranja alikuwa ameongeza: *amezidi*.