Karakana Kwenye Karatasi ya Kijani

Ephraimu alifika kazini akakuta karakana yake ya kuchomelea mageti, pale Ngarenaro, imepakwa X nyekundu ukutani. Maana yake hata mbuzi wa mtaa ule anaijua: Ijumaa inabomolewa, labda mwenyewe apeleke ramani ya jengo, tena ya kompyuta. Ya mkono hawataki. Karakana hiyo aliijenga na marehemu mkewe, Tekla. Yeye akipanga tofali, mke akibeba maji na kumkosoa. Ikienda hiyo, anabaki na redio na hasira.

"Wakubwa hawa," alinung'unika. "Walituambia soko huria. Kumbe walio huru ni wao, kutubomolea."

Akaenda kwa Anneth, binti mwenye kompyuta na chumba cha kupiga chapa kule barabarani. Anneth akaja kupima, akarudi kuchora: mistari myeupe juu ya kioo cheusi, ikapendeza kama nyota. Akaigeuza kuwa picha, akaichapa. Ikatoka nyeusi tii, mashine ikakohoa, wino karibu kwisha.

Kwenye ofisi ya majengo ya jiji, Afisa Fanuel, kijana mwenye tai fupi, aliigeuza geuza. "Mzee, hii imechorwa usiku?"

"Mchana, mheshimiwa."

"Mbona giza hivi? Kalete ya mchana."

Anneth aliposikia alicheka mpaka akashika meza. "Huyo kiboko! Ni rangi ya nyuma tu, baba. Naweka nyeupe."

Akaweka nyeupe. Alichosahau ni kwamba mistari nayo ilikuwa myeupe. Ephraimu, kwa haraka zake, aliikunja karatasi bila kuitazama, mbio ofisini.

Fanuel akaikunjua. Akatazama mbele, akatazama nyuma. "Jengo liko wapi?"

Ephraimu akachungulia. Tupu. Damu ikampanda kichwani. "Yaani mmeshanibomolea hata kwenye karatasi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja akamwambia ashukuru Mungu, wengine wanabomolewa pamoja na vitanda.

Alirudi kwa Anneth amevimba. "Leo rangi nachagua mwenyewe. Nionyeshe."

"Zipo nyingi, baba. Nyingine hazina hata jina."

Nyekundu aliikataa, imefanana na ile X. Bluu watasema jengo liko mtoni. Manjano ilimkumbusha homa ya mwaka juzi. Mwisho akagusa kioo kwa kidole chenye masizi, kwenye kijani cha jani la mgomba. Kwao Tekla, huko mlimani Meru, nyumba isiyozungukwa na migomba ni kibanda cha kuku.

"Weka hiyo. Waone hapa wanakaa watu."

Safari hii mistari ilionekana vizuri, na Fanuel akaikodolea macho. "Kijani! Mzee, kwenye ramani zetu kijani ni shamba."

"Sasa?"

"Sasa mashamba hayanihusu. Mimi nabomoa majengo." Akagonga muhuri kwa furaha ya mtu aliyepunguziwa kazi. "Nenda kafute X yako. Faili naipeleka kwa bwana shamba, atakuja kukagua mazao."

"Mazao gani?"

"Utajua wewe na shamba lako."

Wasomi hao! Ephraimu alitoka hajui acheke au atukane, akafanya vyote. Ila karakana ilikuwa imepona, na hakukubali kuipoteza kwa kukosa mazao. Akakusanya mabomba chakavu na mabati, akakata majani, akachomelea shina, mkungu na vidole vyake, akasimamisha mlangoni mgomba mrefu wa chuma.

Bwana shamba alifika na buti safi kabisa. Akagonga shina. Ngaa!

"Mbegu gani hii, mzee?"

"Ya kuvumilia ukame."

"Na ugonjwa wa mnyauko?"

"Hauujui."

Bwana shamba akatikisa kichwa kwa heshima, akaandika, akainua mkono kuushika mkungu. "Tunavuna lini?"

"Usiguse, bwana," Ephraimu alisema. "Subiri rangi ikauke."