Sauti Mia Nne na Kumi na Mbili

Baba yangu husikia ugonjwa wa injini kabla gari halijaingia getini. Ukija na malalamiko yako anakunyamazisha kwa kidole, anainamisha kichwa, kisha anasema, "Tapeti za injini zimelegea," au, "Beringi ya gurudumu la nyuma, kushoto," na mara nyingi huwa amepatia. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Masikio.

Miaka mitatu iliyopita nilimtengenezea tovuti. Kila gari bovu lililoingia gereji nililirekodi likinguruma, na baba akanisomea maelezo: ni injini gani, inaumwa nini, inatibiwaje. Mafundi wa mbali wakaanza kusikiliza, mpaka chuo cha ufundi kikaamua kuitumia darasani. Somo la kwanza lilipangwa Jumatatu saa tatu asubuhi, na baba mwenyewe ndiye angekuwa mgeni wa darasa.

Ijumaa asubuhi tovuti ikazimika. Kampuni iliyokuwa ikitutunzia ikaniandikia kwa adabu zote: diski ya seva imekufa, poleni sana, je, mna nakala?

Nakala ninayo, nikasema, na nilicheka kabisa. Kila mwisho wa wiki kompyuta yangu ilinakili vitu viwili: mafaili ya sauti, na hifadhidata, yaani lile daftari la ndani linalojua sauti namba fulani ni ya injini ipi na dawa yake nini. Nikachomeka diski ya nje. Sauti zote zilikuwepo, mia nne na kumi na mbili. Nikafungua nakala ya hifadhidata. Jina lipo, tarehe ipo, ndani hamna hata herufi. Nikafungua ya wiki iliyotangulia. Tupu. Ya mwezi uliopita. Tupu. Mwaka jana nilibadilisha nywila, na tangu siku hiyo kompyuta ilikuwa inabisha hodi kwenye hifadhidata, inakataliwa, inaniwekea faili tupu na kujiendea zake. Zile nakala nzuri za zamani zilishajifuta kupisha mpya. Nami sikuwahi kufungua hata moja nikatazama.

Nikaondoka mbio. Nilipofika gereji baba alikuwa chini ya gari, kwa hiyo niliviungamia viatu vyake.

"Kwa hiyo sauti zipo," vikasema viatu.

"Zipo."

"Maneno ndiyo hayapo."

"Hayapo, baba. Nisamehe. Maji yameshamwagika."

Akajivuta nje, uso umejaa oili, nami nikashangaa kuona anatabasamu. "Yamemwagika, sawa. Kisima si hiki hapa?" Akaligonga sikio lake kwa kidole. "Leta hizo sauti. Halafu mpigie mjomba wako."

Mjomba, kaka yake mama, ni fundi pia. Tunamwita Grisi. Ana gereji ng'ambo ya barabara kuu, na kwa miaka ishirini yeye na baba wamebishana nani ana sikio kali zaidi. Hazikupita dakika kumi, huyo mlangoni, anahema.

"Shemeji," akasema, "leo ndiyo siku ya kukuumbua."

"Karibu ujiumbue mwenyewe," baba akamjibu.

Tukahamia nyumbani, tukapanga kila kitu sebuleni: laptopu, spika kubwa, karatasi. Mama akajitawaza kuwa mwamuzi, akaweka masharti. Sauti italia mara mbili. Kila mmoja ataandika jibu lake bila kuchungulia la mwenzake. Wakilingana, wananitajia injini na dawa yake, mimi naingiza kwenye hifadhidata mpya. Wasipolingana, wabishane mpaka mmoja anyooshe mikono.

Namba moja ikanguruma. Kalamu zikakimbia. Mama akafunua karatasi: plagi, na plagi. Namba mbili: klachi, na klachi. Namba tatu, mjomba hakungoja hata ilie mara ya pili, akapiga paja lake. "Gasketi imeungua! Hii nakumbuka, lori la mchanga!" Baba naye alikuwa ameandika gasketi, na chini yake jina la utani la dereva.

Basi pakawa hapashikiki. Nilikuja pale na msiba moyoni, na kufika sauti ya hamsini nilikuwa nacheka machozi. Majirani waliosikia magari yakinguruma sebuleni walikuja kuchungulia, wakabaki dirishani kushangilia. Kila baada ya sauti ishirini niliwasimamisha wazee, nikatoa nakala, nikaifungua palepale kuhakikisha ina kitu ndani.

"Unatukatia utamu!" mjomba akalalamika.

"Mwache," baba akasema. "Aliyeumwa na nyoka."

Jumamosi mchana tukafika namba mia mbili themanini na nane. Mlio wa kukwaruza, kimya kidogo, kisha filimbi nyembamba. Baba akaandika turbo. Mjomba akaandika mkanda wa feni. Tukaipiga mara nne. Walibishana mpaka sauti zikawakauka, kila mmoja akimwita mwenzake fundi wa baiskeli. Mama akaweka kalamu chini.

"Nyie wazee, hilo si gari. Hiyo ni pampu ya maji ya dada yangu. Mliifungua hapo uani wote wawili, ikawashinda, akaitwa mtu mwingine. Ilikuwa beringi."

Dirishani watu waliangua kicheko. Baba na mjomba wakatazama sakafu kama watoto walioiba sukari.

Tulimaliza jioni ile ile. Mama akatangaza baba ameshinda kwa pointi mbili. Mjomba akadai zihesabiwe upya.

Jumapili nilipata seva nyingine, nikapandisha kila kitu. Lakini roho haikutulia. Nikachukua laptopu ya zamani ya mama, nikaweka tovuti nzima kwa majaribio, nikamwita baba. "Tazama. Sasa naifuta."

Akanidaka mkono. "Unafuta nini, mwanangu? Una wazimu?"

"Hii ni ya kujaribia tu. Niache."

Nikabonyeza. Ukurasa ukabaki mweupe. Nikaichukua nakala kutoka kwenye diski, mafaili kwanza, hifadhidata ikafuata, nikaamuru zirudi. Mstari wa kijani ukatambaa, ukakwama, ukatambaa tena. Zimerudi: mia nne na kumi na mbili. Nikabonyeza moja bila kuchagua. Injini ikakohoa, na chini yake yakatokea maneno ya baba: ugonjwa wake, na dawa yake.

"Imefufuka!" Baba alirusha kofia yake juu. "Mama watoto! Njoo uone! Futa tena, mwanangu, futa tena!"

Niliifuta na kuirudisha mara tatu siku ile, ya tatu kwa ajili ya mjomba aliyekuwa akisikiliza kwenye simu.

Jumatatu darasa lilijaa. Baba alisimama mbele, akaomba utulivu, nikapiga sauti ya kwanza. Kabla hajafungua mdomo, binti mmoja wa mstari wa nyuma akapaza sauti: "Nozeli! Ya silinda moja tu, zingine nzima!"

Baba akainamisha kichwa, akasikiliza tena.

"Njoo mbele," akasema, macho yanang'aa. "Wewe njoo ukae hapa karibu na spika."