Picha Iliyopimwa Kifudifudi

Fundi fremu alikuwa na wivu, wala hakujisumbua kuuficha. Ulimpanda kila pazia la chumba cha nyuma lilipopenyeza kicheko cha yule mteja hadi kwenye meza yake ya kukatia vioo. Huko nyuma mumewe, mchoraji, alikuwa akimchora mwanamke ambaye fundi hakutaka hata kulitamka jina lake. Alimwita Manukato, kwa sababu akishaondoka, duka zima lilibaki likinukia manukato yake.

"Wifi, huyo anachorwa sura moja au ukoo mzima?" aliuliza dada wa mchoraji, aliyependa kupita pale kuchaji simu na kuchochea mambo.

"Muulize kaka yako."

"Kaka namjua. Akishika brashi, hata nyumba iungue hana habari. Ila kucheka na mteja? Hilo ni jipya."

Akachomoa simu yake, akaenda zake, akamwachia mwenzake moto umewaka. Fundi alikuwa na lake lililomkereketa siku nyingi: tangu waoane, mume huyu hajawahi kumchora yeye hata sikio. Kachora majirani, kachora mpaka paka wa kinyozi. Mkewe alikuwa ametunza mbao nyekundu juu ya kabati, mbao ngumu, nyororo, isiyo na fundo hata moja, akiingoja siku atakayochorwa yeye. Wateja walishaililia, akawanyima.

Picha ilipokamilika, mchoraji aliileta mwenyewe, rangi za maji kwenye karatasi nene, akaiweka mezani.

"Hii uifunge vizuri kuliko zote," alisema. "Tumia ile mbao yako nyekundu. Weka ukingo wa kadi nyeupe ile isiyogeuka rangi, kioo kisiguse picha. Lakini itazame kwanza, mama."

"Nimeshaiona."

"Umeiona saa ngapi?"

"Nimesema nimeiona!"

Alichoona ni uso. Uso unatabasamu, unaringa, umekaa pale ambapo angekaa yeye. Mchoraji aliporudi ndani, aliigeuza kifudifudi kama mtu anayefunika sufuria, na hakuigeuza tena.

Kwa kawaida fundi huyu aliitazama picha mpaka ikamwambia yenyewe inataka mbao gani, nyembamba au pana, ya giza au ya mwanga. Wateja walimcheka kwamba anaongea na karatasi. Safari hii hakuuliza kitu. Mbao yangu nyekundu nimvishe huyu? Thubutu! Alichukua fremu nyeusi iliyobaki alipomfungia kinyozi kioo chake, akaipima kwa nyuma ya karatasi. Upana ulikaa. Urefu wa picha ulizidi kwa upana wa kiganja.

Fundi mwingine angetafuta mbao nyingine. Yeye alilaza rula ya chuma kwenye sehemu ya chini ya karatasi, akaweka kisu. Hapo ni gauni tu, alijiambia, na magauni anayo mengi. Akakata mara moja, mstari ulionyooka, akatupa kipande kwenye kapu la mabaki. Ukingo hakuweka, kioo akakibandika juu ya rangi, nyuma akaziba kwa kadibodi ya boksi la sabuni. Roho ikamtulia kidogo.

Manukato alifika mchana, akiwa na haraka zake.

"Dada, leo nimekupata! Mumeo kanivunja mbavu kwa visa vyako. Eti mtu kaja na fremu ya plastiki, ukamtoa nje na mwavuli wake?"

Fundi aliisukuma fremu mbele yake. Kumbe kile kicheko chote kilikuwa ni yeye.

Manukato aliinua fremu, akaitazama juu, akaitazama chini. "Mbona mikono haipo?"

"Mikono gani?"

"Yako! Mimi siwezi kutulia, mikono yangu inachezacheza. Mumeo akachoka, akasema, tulia basi, nitakuwekea ya mke wangu, hiyo naichora hata nimefumba macho. Akaweka mpaka kovu la kidole gumba. Nilitaka nikuulize, kovu lenyewe ulilipataje?"

Fundi alikunja kidole gumba ndani ya ngumi. Mchoraji alikuwa ameshatoka nyuma ya pazia. Akaitazama fremu, akalitazama kapu.

"Hukuitazama," alisema.

Hakufoka. Alirudi ndani taratibu, na fundi angependa zaidi kama angefoka.

"Inaweza kuungwa?" Manukato aliuliza, sauti imemshuka.

Fundi alizijua gundi zote. "Haiungiki," alisema. "Nisamehe, dada. Iache, hiyo fremu nayo haikufai. Nitakuwekea nzuri."

Mteja alipoondoka, fundi alichokoa kapu mpaka akakipata kile kipande. Mikono yake miwili ilikuwa imefumbatana juu ya gauni la mwenzake, kucha fupi, kovu limechorwa kwa uangalifu kuliko kitu chochote alichowahi kukiona kwa mumewe. Kisu kilipita juu kidogo ya vifundo vya mikono, kimenyooka vizuri kabisa.

Alipanda kwenye kiti, akashusha mbao nyekundu, akapima kuzunguka kile kipande. Sehemu kubwa ya mbao ilibaki.