Zavarka ya Shangazi Glasha

Zakhar hawezi kuona vyuma viwili vimekaribiana bila kutamani kuvichomelea. Geti la gereji zetu aliwahi kulichomelea likiwa limefungwa, nasi tukiwa ndani. Kwa hiyo siku Shangazi Glasha alipomletea kigari chake cha mikate, eti difu inavuja oili, mimi jirani yake wa gereji nilijua hapo pana jambo.

Kigari chenyewe ni kile cha zamani tunachokiita Kisigino, sanduku nyuma, pua mbele, kinasukumwa na matairi ya nyuma tu. Kwenye kilima cha Kipara, barafu ikishika, kilikuwa kinamwaibisha mama wa watu. Tairi moja linazunguka kama limepagawa, la pili limetulia kama mgeni anayesubiri supu. Ndivyo ilivyo difu, gia zinazogawia matairi ya nyuma nguvu za injini: nguvu zote huliendea tairi linaloteleza, na lile lililoshika ardhi hubaki kutazama.

Mwenye bekari aliyempa kazi ya kupeleka mikate alikuwa amechoka. Alimwambia Shangazi Glasha wazi kwamba mikate ikichelewa tena kufika Sosnovka, kijiji kilicho juu ya Kipara, njia anampa jamaa mwenye gari jipya la kuvuta kwa matairi yote manne. Na njia ile ndiyo iliyomlisha tangu awe mjane. Bila hiyo angebaki dirishani akigombana na kunguru.

Zakhar alikuwa anamwimbia tangu majani yaanze kupukutika: tuchomelee gia za ndani ya difu, matairi yote mawili yazunguke pamoja, gharama ni vijiti vichache tu vya kuchomelea.

"Na kona za kwenye lami?" Shangazi aliuliza.

"Yatalia kidogo."

"Na ekseli?"

"Inaweza kukatika. Siyo lazima ikatike."

"Basi chomelea mdomo wako kwanza, tuone kama unashika."

Asubuhi hiyo difu ilikuwa juu ya meza ya Zakhar, imemwagwa oili, inangoja sili mpya. Simu ikalia. Alikuwa Shangazi, yuko bekari, mashine zinanguruma nyuma yake.

"Zakhar, mwanangu, lori linanileta hapo na mikate. Fanya zavarka. Iwe kali."

Zakhar aliweka simu chini taratibu. Zavarka ndilo jina tunaloipa difu iliyochomelewa.

"Umesikia?" akaniuliza. "Amekubali."

"Amesema iwe kali."

"Yaani nijaze meno mpaka juu."

Nami nilisikia hivyo hivyo. Ukikaa gereji muda mrefu, hata masikio huingia grisi.

Akaziosha gia kwa petroli hadi zikang'aa, maana chuma chenye oili hakishiki. Akachomelea kidogo upande huu, akasubiri, akahamia upande wa pili, zisije zikapinda kwa moto. Nafasi zote kati ya meno zikajaa. Akairudisha difu mahali pake, akatia sili mpya, akasukuma ekseli ndani. Ilikuwa kazi safi, na mimi si mtu wa kumsifu Zakhar.

Shangazi Glasha akafika na masanduku ya mikate yanayofuka moshi. Akavua glavu, akatazama meza.

"Iko wapi?"

"Ndani ya gari."

"Zavarka yangu iko ndani ya gari?"

"Sasa ingekuwa wapi?"

Shangazi akalitazama birika dogo rafuni, limefunikwa kifudifudi, baridi kama pua ya mbwa. Hapo ndipo tulipoelewa sote. Kabla gereji hazijalichukua neno hilo, mama zetu walikuwa nalo: majani ya chai yaliyokolea meusi birikani, ya kuzimuliwa kikombeni na maji ya moto.

"Zakhar," akasema Shangazi, "umeichomelea chai yangu."

"Glafira Pavlovna..." Zakhar akaanza.

Kwetu mtu akianza kukuita kwa jina lako kamili na la baba yako, jua ana makosa.

"Itoe."

"Haitoki. Labda difu nyingine, na nyingine sina."

Shangazi akaitazama mikate, akatazama theluji nje.

"Panda nyuma, ukae palepale juu ya ekseli. Leo uzito wako utamfaa mtu. Na wewe unayecheka, panda mbele."

Nilikuwa sijacheka bado.

Kwenye kona ya kwanza ya lami kigari kiligoma kupinda. Tairi la ndani likalia, likarukaruka.

"Kinalia," akasema Shangazi.

"Kidogo," ikajibu sauti kutoka kwenye mikate.

Kisha Kipara hicho mbele yetu, kinameta. Pale ambapo kila siku tairi huanza wazimu wake, safari hii yote mawili yaliuma barafu pamoja, na Kisigino kikapanda kama mbuzi aliyesikia harufu ya chumvi. Shangazi akaacha kuukaba usukani.

Juu, kabla ya duka, kuna kona nyembamba kati ya uzio na rundo la theluji. Akakata usukani. Kigari kikaendelea kwenda mbele, kuelekea uzio.

"Hakikati," akasema.

"Ukiachia mafuta hakikati," Zakhar akapaza sauti. "Kanyaga."

"Kuna uzio."

"Naujua. Kanyaga."

Nikafumba jicho moja. La pili lilitaka kuona. Shangazi akakanyaga. Matako ya gari yakatoka nje, theluji ikaruka juu ya uzio, pua ikaipata njia, tukasimama mlangoni pa duka, kiupandeupande kidogo. Nyura mwenye duka akafungua nyuma, akamkuta Zakhar amekumbatia masanduku. Hakuna mkate ulioanguka.

"Leo mmewahi," akasema Nyura.

Shangazi akampigia mwenye bekari.

"Mikate imefika. Huyo jamaa yako wa matairi manne mwambie Sosnovka ina mwenyewe." Akasikiliza. "Ndiyo. Kila siku, mpaka theluji iyeyuke. Tumeelewana."

Akatia simu mfukoni, akageuka kuitazama ile mistari miwili ya matairi iliyopinda kama mundu pale konani.

"Shusheni mikate yote," akatuambia, akiingia tena nyuma ya usukani. "Ile kona nataka kuirudia."