Supu ya Mwanaidi

Usingizi wa jana ulinipeleka jikoni. Kwa supu ya njegere kavu, Lushoto nzima hakuna wa kunishinda. Ambao wangeweza kubisha wamekwisha kufa, na baadhi yao waliinywa.

Basi, katika ndoto, nampikia mdogo wangu Mwanaidi, ambaye tangu mvua zianze hajainuka kitandani. Asipokula tutamzika. Daktari aliniambia hivyo huku akitazama viatu vyake.

Maji yanatokota, njegere zinakataa kulainika. Nauliza kulikoni. Moja inachungulia ukingoni mwa sufuria, inanieleza kwamba wote wamepasuliwa, kila mmoja anaingoja nusu yake, na peke yake mtu halainiki. Nakaa kuwapatanisha kama kadhi. Kila ninayemletea mwenzake ananiambia, "Huyu si wangu."

Kitunguu bado hakijakatwa, lakini kinalia. Nakiuliza kisa. Kinasema kinafanya mazoezi ya msiba.

Nageuka kuchukua chumvi, najikuta makaburini. Sufuria ipo palepale juu ya mafiga, inachemka. Mwiko unanionya nikoroge kwenda kulia tu, maana kushoto siku hurudi nyuma. Nakoroga kushoto mpaka bega linauma. Zinarudi siku za juzi, nazo zina mvua ileile.

Ile njegere inanihurumia. "Usijichoshe, bibi. Wenzetu wa jana hawakufika tumboni mwa mgonjwa."

Naiambia bakuli lilirudi tupu.

"Lilirudi tupu, ndiyo," inasema, inazama.

Nikaamka. Kumekucha, bati linanyeshewa. Nikaenda kwa Mwanaidi, mashavu yake yameingia ndani kuliko jana. Nikamuuliza supu ya jana aliionaje.

"Tamu, dada. Niliimaliza yote."

Kwetu mdogo hakirudishi chakula alichopikiwa na dada yake, hata awe anakata roho. Nami nilitaka sana kumwamini. Nikamfunika miguu, nikasema leo nitampikia nyingine, nzito zaidi.

Paka akatoka uvunguni, akajinyoosha. Sharubu zake zilikuwa zimegandana, za kijani.

Tukamtazama sote wawili.

"Nilimwonjesha kidogo tu," akasema Mwanaidi, akageukia ukutani.