Kokwa za Mbura

Askari wa Wadachi walichoma maghala ya Songea, kisha wakachoma na mashamba. Chiku, aliyefiwa na mumewe katika vita hivyo vya Maji Maji, alikimbilia milima ya Matogoro pamoja na shemeji yake Bakili, mke wa Bakili aitwaye Sharifa, na mtoto wao mchanga. Huko porini riziki yao ilikuwa mbura, matunda ya rangi ya udongo yanayoanguka yenyewe yakiiva.

Bakili aliyakamua, akapata maji mazito, matamu kama asali. Walikunywa, wakachangamka. Lakini kabla jua halijafika utosini miguu ililegea tena, na maziwa ya Sharifa yakaanza kukauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia.

Chiku akaziokota kokwa walizokuwa wakizitupa, akazipasua kwa mawe. Ndani mlikuwa na mbegu ndogo nyeupe. Alipoiminya moja kwa ukucha, ilitoa mafuta.

"Shemeji, hizo ni za panya," Bakili alisema.

"Mwaka huu umemwona panya aliyekonda?"

Bakili alicheka. "Kutwa nzima unaponda, unapata kiganja kimoja!"

"Maji yake ni matamu, sikatai. Yanakuamsha, kisha yanakuacha njiani. Mbegu inakaa tumboni. Mimi na mkeo tutakula mbegu, wewe kunywa maji yako. Tutaona."

Alizitwanga, akazipika uji katika chungu kilichomeguka mdomo. Vidole vilimvimba, lakini hakuacha. Haikupita wiki, Sharifa akamwita kwa sauti: "Dada, njoo uone!" Maziwa yalikuwa yakimchuruzika mtoto kidevuni.

Siku ile ile Bakili alikwenda kukata kuni, akachelewa. Walimkuta amelala juu ya mzigo wake, macho yakizunguka. Wanawake wawili wakamnyanyua, huyu bega hili, huyu bega lile, wakamrudisha.

"Lete huo uji," alinong'ona.

"Wa panya?"

"Wa panya, dada yangu. Lete tu."

Habari zikaenea mlimani, watu wakaja kujifunza kupasua. Akaletwa pia bibi mmoja, Mwanaheri, mwenye homa kali, ambaye kila uji ulioingia aliutapika. Bakili akashangaa kumwona Chiku akikamua matunda.

"Umegeuka?"

"Sijageuka. Mbegu ni ya mwenye nguvu ya kuimeng'enya. Huyu tumwamshe kwanza." Akamnywesha bibi maji ya mbura, funda kwa funda, mpaka homa ikashuka na tumbo likaupokea uji.

Mvua za kwanza ziliponyesha, katika kambi yao hapakuwa na kaburi hata moja. Walishuka Songea. Jembe hawakuwa nalo, ila miti ya kuchonga vijiti vya kuchimbia ilikuwepo. Chiku alitangulia kuinama, akachimba shimo la kwanza la kupandia mbegu katika majivu yaliyolowa, huku akiimba.